Makampuni Makubwa Wakati wa Dhiki: Nani Hubeba Mzigo?



Siku hizi kila penye mkutano wa mambo ya biashara hapakosi msemaji wa kutusimulia jinsi makampuni makubwa ya ulimwengu yalivyopatwa na dhiki, na jinsi dhiki hiyo ilivyoyafungulia njia mpya za kuchuma. Mwisho wa hadithi huwa ni uleule: nanyi wakulima fanyeni vivyo hivyo. Hatuna ugomvi na hadithi zenyewe. Nyingi ni za kweli, na mwenye shamba hana haja ya kuambiwa kwamba shida ni mwalimu. Ila twaona kuna kipande kimoja ambacho wasimuliaji hukiruka, na kipande hicho ndicho kinachotuhusu sisi kuliko vingine vyote. Kampuni inapobanwa hata ikabuni namna mpya ya kufanya kazi, sehemu ya mzigo wake huondoka kwa akili na maarifa, hiyo ni kweli. Lakini sehemu iliyobaki haiendi po pote. Huhamia juu ya bega la mtu mwingine. Sisi twataka kujua mtu huyo ni nani, na amepewa nini kwa kuubeba.

Na tuanze na Toyota, kwa kuwa hakuna mwanachama asiyeijua. Gari zake twazipanda na magunia yetu twayapakia humo.

Asili ya jamaa hawa si motokari, bali ni mitambo ya kufumia nguo. Mzee wao, Sakichi Toyoda, aliunda mtambo uliokuwa ukisimama wenyewe mara uzi unapokatika, hata mtu mmoja akaweza kuiangalia mitambo mingi bila ya nguo kuharibika. Mwaka 1929 haki ya ubunifu huo iliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza. Mwanawe, Kiichiro, ndiye aliyeanzisha kampuni ya motokari mwaka 1937. Kisha vikaja vita, na Japani ikashindwa mwaka 1945, miji yake imeungua na watu hawana fedha ya kununua baiskeli, seuze motokari.

Dhiki yenyewe khasa iliwafika mwaka 1949. Mwaka huo serikali ya Japani, kwa shauri la Joseph Dodge, mwenye benki kutoka Detroit aliyeletwa na Wamarekani, iliamua kuzima moto wa kupanda kwa bei. Matumizi yakakatwa na mikopo ikakauka kama kisima cha kiangazi. Waliochukua malori kwa kulipa kidogo kidogo wakashindwa kulipa. Toyota ikafika hadi haina fedha ya mishahara. Benki zikakusanywa na tawi la Nagoya la Benki ya Japani, zikakubali kukopesha, lakini kwa masharti: kazi ya kuuza magari itengwe iwe kampuni mbali, na wafanya kazi wapunguzwe. Watu wakagoma. Ugomvi ulikwisha Juni 1950, baada ya Kiichiro kujiuzulu na wafanya kazi zaidi ya 1,500 kuiacha kazi. Mwenyewe hakuishi kuona matunda. Alifariki mwaka 1952.

Wiki hizo hizo vita vya Korea vikaanza, na jeshi la Marekani likaagiza malori kwa Toyota. Twalitaja jambo hili makusudi, maana wasimuliaji wetu hupenda kulisahau. Bahati ilikuwamo. Kama malori yale yasingeagizwa, pengine leo hadithi isingekuwapo ya kusimuliwa, na hayo maarifa yote yangezikwa pamoja na kampuni.

Mwaka huohuo wa 1950, Eiji Toyoda, wa ukoo huohuo, alikwenda Marekani kukitazama kiwanda kikubwa cha Ford kiitwacho Rouge. Yasemwa kwamba tangu kuanza kwake hata mwaka ule, Toyota ilikuwa imetengeneza motokari za abiria 2,685 tu, ilhali kiwanda cha Rouge kilitoa kiasi cha 7,000 kwa siku moja. Mtu mwingine angerudi nyumbani akafunga duka. Kwa Ford, mashine moja ya kukandamiza bati yaweza kupewa kazi ya kutoa kipande kimoja cha aina moja mwezi baada ya mwezi, na vipande vikarundikwa ghalani mpaka vitakapotakiwa. Toyota haikuwa na fedha ya kununua mashine nyingi namna hiyo, wala fedha ya kulaza ghalani katika sura ya chuma, wala wanunuzi wa kutosha kumaliza rundo la aina moja.

Basi kazi ikamwangukia Taiichi Ohno, aliyekuwa akisimamia karakana ya mashine. Alilitazama rundo la vipande kwa jicho lingine. Wenzake waliona utajiri, yeye akaona fedha iliyolala. Alikuwa amesikia khabari za maduka ya Marekani ambamo mnunuzi hujichukulia mwenyewe kitu anachokitaka kwenye rafu, na mwenye duka kazi yake ni kujaza pale palipopungua tu. Akaligeuza wazo hilo akalitia kiwandani. Zamani karakana ya mwanzo hutengeneza kadiri iwezavyo na kuisukumia karakana ya pili. Sasa karakana ya pili ndiyo iendayo kwa ya kwanza, ichukue inachokihitaji, kwa kiasi inachokihitaji, wakati inapokihitaji. Na kadi iliyofungwa na sanduku, wao waiita kanban, ikarudi kusema kimechukuliwa nini ili kitengenezwe kingine mahali pake. Na ule mtambo wa mzee Sakichi haukusahauliwa: mfanya kazi akapewa ruhusa ya kuusimamisha mstari mzima wa kazi aonapo kosa, ili kosa lisiendelee kupita mikononi mwa watu mpaka likamfikia mnunuzi.

Kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni hili la kubadilisha kalibu. Ikiwa mashine ni chache, basi kila moja haina budi kufanya vipande vya aina nyingi, na kila unapotaka aina nyingine lazima uzitoe kalibu nzito na kutia nyingine. Ohno mwenyewe ameandika kwamba katika miaka ya 1940 kazi hiyo ilichukua saa 2 hadi 3. Katika miaka ya 1950 ikashuka hata robo saa, na mwisho wa miaka ya 1960 ikawa dakika 3. Hapa hatuna budi kutoa haki. Mzigo huu haukuhamishiwa mtu. Uliondoshwa kwa akili ya watu waliokaa wakatazama, wakajaribu, wakakosa, wakajaribu tena kwa miaka ishirini. Ukiona kampuni inajisifu kwa ubunifu, basi tafuta dakika zake 3 ziko wapi. Kama hazipo, tazama kwingine.

Na kwingine kwenyewe hata kwa Toyota kupo. Motokari haitengenezwi na kiwanda kimoja. Sehemu kubwa ya vipande vyake hufanywa na viwanda vingine, na chini ya viwanda hivyo vimo vingine vidogo zaidi, mpaka mwisho utafika kwenye karakana ya mtu na mkewe na kijana mmoja. Ikiwa kiwanda mama hakitaki rundo, na chataka kipande kifike saa ileile kinapohitajika, basi aliye chini yake lazima awe tayari saa zote. Aliyefundishwa maarifa yaleyale huweza kufuata, na ni haki kusema kwamba Toyota ilituma watu wake kwenda kuwafundisha waliokuwa wakiiuzia. Lakini asiyefundishwa hana njia ila kuliweka rundo nyumbani kwake. Rundo lililoondoshwa kwa tajiri limehamia kwa maskini, na fedha inayolala sasa ni ya maskini. Kwa tajiri kunaitwa maarifa, kwa maskini kunaitwa deni.

Tusidhaniwe kwamba twayazua haya. Katika Japani ya miaka ya 1950 malalamiko ya viwanda vidogo kucheleweshewa malipo na vikubwa yalizidi hata serikali ikatunga sheria mwaka 1956, khasa ya kuzuia kuwachelewesha watu hao, na baadaye ikawekwa mipaka ya siku 60 tangu mali kupokelewa. Watu hawatungi sheria ya kuzuia jambo lisilokuwapo. Na tuangalie vizuri hapa: mtindo wa Toyota umesifiwa katika vitabu vingi mno, lakini sheria hii iliyomkinga mdogo haitajwi katika mikutano tunayoalikwa. Sisi twaona viwili hivi ni pacha. Bila ya huo wa pili, wa kwanza ungewala waliokuwa wakiulisha.

Kwamba tajiri naye humtegemea mdogo kulidhihirika Februari 1, 1997, kiwanda cha Aisin Seiki huko Kariya kiliposhikwa na moto. Kilikuwa kikitengeneza kipande kidogo cha breki, karibu vyote vilivyotumiwa na Toyota, na kwa kuwa hapakuwa na akiba ila ya saa chache, viwanda vya Toyota vikasimama nchi nzima. Hapo waliojitokeza ni hao hao wauzaji wakubwa kwa wadogo, hata watengenezaji wa cherehani wa Brother, wakakitengeneza kipande kile katika karakana zao kabla ya kupatana bei. Kwa muda wa kama wiki moja kazi ilikuwa imesharejea. Baadaye walirudishiwa gharama zao na Toyota ikawatolea shukrani ya fedha. Watu hawamkimbilii namna hiyo mnunuzi aliyewazoesha kuwapunja.

Kisha likaja tetemeko la Machi 11, 2011, pamoja na mawimbi yaliyosomba pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani. Toyota ikaona kwamba vipande vingine haviwezi kupatikana upesi vikikatika, na kwamba haijui vizuri ni nani walio chini ya wauzaji wake. Ikawataka wauzaji waweke akiba ya vile vipande vidogo vya elektroniki kwa miezi 2 hadi 6. Yaani rundo lililofukuzwa miaka sitini nyuma likarudi, na likawekwa kwa muuzaji. Tofauti ni kwamba, kwa khabari zilizotolewa mwaka 2021, kampuni iliwaachia wauzaji hao sehemu ya punguzo la bei inalodai kila mwaka, ili kuwafidia gharama ya kuweka akiba. Mwanzo wa mwaka huo wa 2021 makampuni mengine yalifunga viwanda kwa kukosa vipande hivyo na Toyota ikaendelea, ijapokuwa kabla ya mwaka kwisha nayo ilibanwa. Mzigo ulihama, lakini ulihama na ujira wake. Hilo ndilo tulitakalo.

Kuna hadithi nyingine isimuliwayo sana, ya IKEA ya Sweden, nayo tutaipitia upesi. Katika miaka ya 1950 wauza samani wenziwe waliona bei zake zawaharibia, wakawashurutisha mafundi wasimuuzie na wakamfungia milango ya maonyesho. Ingvar Kamprad, mwenye kampuni, akaanza kubuni samani zake mwenyewe, na mwaka 1961 akaenda kutafuta mafundi Poland. Tangu mwaka 1956 alikuwa ameshaanza kuuza meza iliyofunguliwa miguu na kulazwa ndani ya boksi jembamba. Hapa mzigo umehamia kwa mnunuzi: aibebe mwenyewe, aifunge mwenyewe, na parafujo moja ikipotea alaumu nafsi yake. Lakini bei ya chini ameiona kabla hajatoa fedha, na khiari ni yake. Hatuna la kulaumu. (Wazee wetu wanaikumbuka khabari ya kususiwa kwa njia nyingine. Sheria ya karafuu ya mwaka 1937 ilipowafungia njia wafanya biashara wa Kihindi, karafuu zetu zilisusiwa kule Bara Hindi mpaka yalipopatikana mapatano mwaka 1938. Walioshindana walikuwa ni ofisi na maduka makubwa. Karafuu zilizongoja zilikuwa za wakulima.)

Iliyo karibu nasi zaidi ni M-Pesa. Safaricom ya Kenya iliianzisha Machi 2007, baada ya majaribio yaliyoanza 2005 kwa ajili ya watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Katika majaribio ikaonekana kwamba watu wanaitumia kwa jambo jingine kabisa: kupelekeana fedha. Vikwazo vilikuwa vingi. Matawi ya benki yalikuwa machache na yako mijini, wateja wana vijisenti, na kampuni yenyewe si benki, kwa hiyo fedha za watu zilipaswa kuwekwa kwa amana katika benki na si katika mfuko wa kampuni. Wakalipata jawabu ambalo lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu: duka la mtaani. Mwenye duka la sukari na mafuta ya taa akawa wakala. Mwaka uliofuata, 2008, ikafika Tanzania kwa Vodacom, na leo twaona sisi sote vibanda vyake na vya wenziwe kila penye njia panda.

Twaisifu kazi hiyo kwa moyo safi. Mtoto aliye mjini humpelekea mama yake fedha ikafika kabla ya uji kupoa. Lakini mtazame wakala. Lazima awe na fedha mbili: ya noti ndani ya saraka na nyingine ndani ya simu, na zote mbili ni mtaji wake. Wakala wa shamba mwisho wa mwezi hulipa noti, hulipa noti, mpaka saraka ikabaki tupu, na mteja anayefuata akaondoka na manung'uniko. Ndipo afunge kibanda, apande gari, aende mjini kutafuta noti nyingine, na kurudi nazo kiunoni akiomba Mungu asikutane na mwizi. Kampuni humlipa ujira kwa kila kazi, na ujira huo unajulikana mapema, hilo ni jema. Nauli, saa alizofunga kibanda na khofu ya njiani havimo katika hesabu. Benki ingejenga tawi, ingelipa askari na gari la fedha. Hapa askari ni wakala mwenyewe na gari la fedha ni daladala. Sisi twaona anastahili zaidi ya apatacho, na aliyetengeneza hesabu ile alijua alichokuwa akifanya.

Sasa na tutazame upande wetu.

Wanunuzi wa viungo ulimwenguni nao wamebanwa. Masharti ya usafi na ya dawa za mimea yanazidi kuwa makali Ulaya, wateja wao wataka kujua kiungo kimetoka shamba gani, na hawataki tena kununua shehena kubwa ya kulaza ghalani kwa kuwa riba ya benki inakula faida. Kwa hiyo nao wanabuni namna mpya. Wataka mafungu madogo, yaje mara kwa mara, yakiwa na daftari la kila shamba, cheti cha kilimo kisichotumia dawa, karafuu kavu sawasawa, bila ya makonyo, bila ya mpeta. Hatuzikatai hata moja katika hizi. Nyingine zatufaa wenyewe, maana karafuu iliyoanikwa kwenye jamvi safi na kuanuliwa kabla ya mvua ni fahari ya mwenye kuianika.

Walakini yafaa tujue kilichomo. Anayetaka mafungu madogo mara kwa mara amekupa wewe kazi ya ghala. Gunia litakalongoja meli ya pili na ya tatu litangoja kwako, na likipungua uzito au likaingia unyevu, khasara ni yako. Anayetaka daftari la kila shamba amekupa kazi ya karani. Anayetaka cheti amekupa gharama ya mkaguzi, nayo hulipwa mwaka wa mavuno na mwaka ambao mikarafuu imekataa, na sote twajua kwamba mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Akisema mnunuzi kwamba huu ni mtindo mpya wa biashara, ni sawa. Lakini mtindo huo umekaa juu ya majamvi yetu, na kwa hiyo uwe na bei yake mbali, juu ya bei ya karafuu yenyewe, kama vile Toyota ilivyolipia akiba ya vipande vyake.

Wako wanachama wanaosema tukidai hivyo mnunuzi atakwenda kwingine, kwani Indonesia, Madagascar na Comoro nako karafuu zipo. Hoja hii twaiheshimu, na kwa mnunuzi wa karafuu yo yote ilimradi karafuu ni kweli tupu. Lakini mnunuzi anayetaka daftari, cheti na mafungu madogo hawezi kuhama kwa siku moja. Kila shamba aliloliandikisha limemchukulia muda na fedha. Yeye naye amejifunga kwetu, kama Toyota ilivyojikuta imejifunga kwa kiwanda kimoja cha kipande cha breki. Wakati wa kusema naye ni kabla ya kutia saini, si baada ya msimu kuanza, magunia yamejaa ukumbini na wachumaji wako mlangoni wanangoja.

Kwa hiyo twaleta shauri letu mbele ya kamati. Katika mapatano yo yote yatakayofanywa na mnunuzi wa namna hii, na iandikwe wazi karafuu zitalala ghala la nani na kwa gharama ya nani. Na iandikwe nyongeza ya kila kilo kwa kazi ya daftari na cheti, na ilipwe hata kwa fungu dogo la mwaka mbaya. Juu ya yote na iandikwe idadi ya siku kati ya mzani na fedha. Zile siku 60 za Wajapani ziliwekwa kwa ajili ya wenye viwanda, na hazitufai. Mchumaji wetu hupanda mkarafuu asubuhi na hulipwa pishi zake jioni ileile, na anayemlipa ni mwenye shamba, kwa fedha aliyo nayo au aliyokopa. Sisi twapendekeza zisizidi siku 7 tangu mzani, na kila siku itakayozidi iwe na malipo yake.